ALIYE NG'AMBO NA AANDIKE JINA LAKE

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni wao. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumeziacha.



Nimetakiwa niseme juu ya mali za ndugu zetu walio ng'ambo, yaani viwanja, mashamba na nyumba walizo nazo hapa Tanzania, hali wao wenyewe wako London, Houston, Muscat au Johannesburg. Najua yuko mtu anayejiuliza moyoni: jambo hili linakihusu nini Chama? Walioondoka wameondoka, na waachwe wahangaike na mali zao. Mimi nasema linatuhusu sana. Kila mtu aliye ng'ambo na ana kiwanja hapa, ana mtu hapa anayemshikia kiwanja hicho, na watu hao ndio sisi tuliokaa humu ndani. Tena siasa za uhuru katika nchi hii zilikomaa juu ya swali la ardhi, na swali hilo halikwisha siku bendera ilipopandishwa.

Hebu tukumbuke kidogo. Mwaka 1951 watu wa Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, wapata 3,000, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kueleza shauri la watu wake. Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipotaka kuleta desturi ya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi milele, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa kupinga jambo hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ardhi ikiwa bidhaa ya sokoni, mwenye fedha atainunua yote, na maskini, ambaye ndiye raia, atakuwa mpangaji katika nchi yake. Mwaka 1963 umiliki wa milele ukaondolewa kwa sheria. Na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema vile vile: ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote.

Basi kile tunachokiita "kiwanja changu" ni haki ya kukaa na kutumia, kwa muda ulioandikwa katika hati, miaka 33, au 66, au 99, na kwa masharti. Watu wengi husoma jina lao juu ya hati, wakafurahi, wakaikunja wakaiweka sandukuni. Masharti yaliyo chini hawayasomi. Masharti yale husema kiwanja kitumike kwa kazi gani, kijengwe katika muda gani (mara nyingi ni miezi 36), na kwamba kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka. Mtu aliye hapa akiyasahau hukumbushwa na jirani, au na barua ya halmashauri. Aliye ng'ambo hakumbushwi na mtu. Barua inaletwa kiwanjani, na kiwanjani kuna nyasi na mbuzi wa watu.

Hapa niseme neno juu ya kodi, kwa kuwa kuna kosa linalorudiwa sana. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme wa LUKU. Watu wakadhani kwamba madamu umeme unanunuliwa nyumbani, madeni yote ya Serikali yamelipwa. Sivyo. Ile ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni deni jingine kabisa, na lisipolipwa miaka na miaka huwa ni uvunjaji wa masharti, na uvunjaji wa masharti ni sababu ya hati kufutwa. Aliye Dubai anaweza kulilipa kwa simu yake katika dakika chache, mradi awe na namba ya malipo. Mwulizeni ndugu yenu: namba hiyo unayo? Mara nyingi hana, kwa sababu hata namba ya kiwanja chake haijui. Anajua tu kwamba kiko "kule Bunju karibu na mwembe".

Sasa naja kwenye jambo lenyewe lililonileta hapa, nalo ni jina.

Iko desturi iliyoenea, na mimi naiona ni desturi mbaya, ingawa ilianza kwa nia njema. Kijana yuko ng'ambo. Anamtumia kaka yake fedha anunue kiwanja. Kaka anakwenda na dalali, mkataba unaandikwa siku ile ile, na kwa kuwa mnunuzi hayupo linaandikwa jina la kaka. "Tutabadilisha ukija." Miaka inapita. Fedha za msingi zinakuja, za tofali, za mabati, na risiti zote za duka la vifaa zinaandikwa jina la kaka. Upimaji unafika mtaa ule, na hati inatoka kwa jina la kaka. Hapo kaka hajaiba hata senti moja. Lakini mbele ya sheria mwenye mali ni yule aliyeandikishwa.

Kisha kaka anafariki. Tufikiri kwa makini hapa, ndugu zangu, maana hapa ndipo nyumba zinapovunjika. Mjane na watoto wa marehemu wanaikuta hati katika sanduku la baba yao. Hawakuambiwa habari za mkataba wa kaka na mdogo wake. Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, anaorodhesha mali, na nyumba ile inaandikwa ndani. Mdogo anapiga simu kutoka Toronto akilia kwamba ni jasho lake la miaka 15. Mjane naye anajibu kwa haki kabisa: mume wangu alisimama juani akisimamia ujenzi, leo mnataka kunifukuza na yatima? Nani hapa ni mwizi? Hakuna mwizi. Ila ukoo umekwisha gawanyika, na watakaofaidi ni mawakili.

Watu wengine husema: sisi ni Waafrika, hatuandikiani makaratasi na ndugu. Nataka nijibu hoja hiyo kwa heshima, kwa kuwa wazee wanaisema na ina asili yake. Zamani vijana wa Rungwe walikwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini. Wengine walikwenda umanamba katika mkonge wa Tanga. Waliacha mashamba kwa baba na kaka zao, na hawakuacha karatasi. Ni kweli. Lakini waliacha kitu kingine. Waliacha ukoo mzima uliojua mpaka, majirani waliozaliwa pale, migomba iliyopandwa na mkono unaojulikana. Wachagga wanajua kihamba ni cha nani hata mwenyewe akikaa Dar es Salaam akaja Desemba tu, kwa sababu kila aliye kando ya mfereji ule anamjua babu yake. Kule Chanika na Kigamboni jirani wa kushoto amehamia mwaka jana, wa kulia ni mpangaji, na aliyeuza kiwanja hajulikani aliko. Ushahidi wa ukoo haupo pale. Kwa hiyo karatasi haikuja kuvunja undugu wetu. Imekuja kushika kazi iliyokuwa ikifanywa na wazee wa mtaa ambao mtaa mpya hauna.

Na kumwandika aliye mbali si kazi ngumu. Sheria inaruhusu mtu kutoa hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Aliye ng'ambo huitia sahihi mbele ya ofisa mwenye mamlaka, katika ubalozi wetu au kwa mthibitishaji wa nchi ile, huituma nyumbani, na huku ikalipiwa ushuru wa stempu na kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Hapo kaka ananunua, anatia sahihi, anafuatilia, lakini jina linaloandikwa ni la mdogo. Karatasi hiyo isiandikwe kwa maneno mapana. Wako watu waliotoa hati inayosema mwakilishi "afanye lolote juu ya mali yangu", na lolote likafanyika: nyumba ikawekwa rehani benki. Andikeni wazi: kununua kiwanja fulani, kufuatilia hati, kusimamia ujenzi. Kuuza na kuweka rehani visiwemo. Wala msisahau kwamba hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa. Kaka anayeendelea kuitumia baada ya mazishi anajitia matatani bure. Njia yake sasa ni mahakama na mirathi.

Kabla ya fedha kutoka, na afanye upekuzi. Kiwanja chenye hati kina kumbukumbu kwa Msajili. Kwa ada ndogo ataambiwa mwenyewe ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Kiwanja kisichopimwa hakina kumbukumbu hizo, basi hapo miguu ndiyo ifanye kazi: kuulizia majirani wa pande zote nne, kuulizia ofisi ya ardhi kama eneo limetengwa kwa barabara, shule au makaburi. Na wale viongozi wa mitaa wanaodai asilimia 10 ya bei ndipo wapige muhuri, mimi sijaona kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachowapa. Muhuri wao unaonyesha kwamba wamewaona wauzianao. Haumfanyi mwizi kuwa mwenye mali.

Vijijini ni vivyo hivyo, au zaidi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake unahitaji idhini ya mkutano mkuu. Mwenyekiti wa kijiji na kaunda suti yake si mkutano mkuu. Na hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya ndugu zetu wa ng'ambo hawatalipenda. Wako wanaonunua ekari 50 kando ya barabara ya lami, wakazungusha waya wa miba, wakaondoka, na miaka 10 imepita hapajapandwa hata mchicha. Wanangoja bei ipande. Mtoto wa kijiji kile anakodi shamba la kulima mahindi kilomita nane kutoka kwao. Niambieni, yule mlowezi wa Engare Nanyuki alifanya ubaya gani zaidi? Huyo angalau alifuga ng'ombe. Sisemi mtu wa ng'ambo asimiliki shamba. Nasema shamba lilimwe, kwa mkono wake au kwa mkono wa watu atakaopatana nao. Nchi hii ilikwisha pata kuchukua hatua kali juu ya wenye mali kubwa kuliko matumizi yao. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na mengi yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Tunaweza kubishana kama lilikuwa jambo la busara, na mimi nina mashaka yangu, maana majengo mengi hayakupakwa rangi tena. Ila hasira iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya kweli, nayo inaweza kuamka tena.

Kuna jambo la miaka 12. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inasema madai ya kurudishiwa ardhi yaletwe ndani ya miaka 12. Aliyevamia kiwanja chako akajenga, akakaa waziwazi, nawe ukanyamaza miaka hiyo yote kwa kuwa uko Sweden, unaweza kurudi ukute mlango wa mahakama umefungwa. Kwa mtu uliyemkaribisha mwenyewe mambo ni tofauti: mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mgeni aliyekaribishwa hageuki kuwa mwenyeji kwa kukaa muda mrefu. Lakini utathibitishaje kwamba ulimkaribisha? Kwa hiyo mwekeni mlinzi wa kiwanja kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: fulani anakaa hapa kwa ruhusa ya fulani, analima mboga, analipwa kiasi hiki, tarehe, sahihi, mashahidi wawili.

Juu ya ujenzi nitakuwa mfupi, kwa kuwa mafundi wamo humu na wanajua kuliko mimi. Mapagale yaliyozagaa pembezoni mwa miji yetu, kuta bila paa, mengi yana historia moja. Fedha zilitumwa kidogo kidogo kila mwezi, bila mchoro uliokadiriwa, zikaliwa na mvua na saruji iliyoganda stoo. Afadhali zikusanywe zimalize hatua moja kwa mara moja: msingi na jamvi, kisha kuta mpaka lenta, kisha paa. Kibali cha ujenzi kitangulie. Mkadiriaji alipwe ahesabu nondo, kokoto na mifuko mwanzoni. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara ya kubahatisha. Na msimamizi naye alipwe. Nasisitiza alipwe. Tunamwambia binamu asimamie nyumba ya ghorofa mwaka mzima kwa "ahsante", anaacha biashara yake, anatumia nauli yake, halafu tunashangaa mifuko 10 ya saruji imepotea. Mtu mwenye mshahara unaweza kumdai hesabu. Mtu wa ahsante utamdai nini?

Na wake za watu wasisahauliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzake. Bibi aliyebaki Moshi akilea watoto, wakati mume yuko Ujerumani anatuma hati ya uwakilishi kwa mdogo wake nyumba iuzwe, anayo haki ya kuweka zuio kwa Msajili. Aende upesi, asingoje kikao cha ukoo.

Limebaki la uraia, nalo ni zito. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwetu. Na Sheria ya Ardhi, kifungu cha 20, ilipotungwa mwaka 1999 ilisema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa kupitia mamlaka ya uwekezaji. Hivyo kijana aliyezaliwa Songea, aliyechukua pasipoti ya Marekani ili apate kazi, mbele ya kifungu kile kilivyoandikwa wakati ule alisimama mstari mmoja na tajiri asiyejua Songea iko wapi. Jambo hili liliwaumiza wengi, na mimi naona walikuwa na haki ya kuumia. Katazo lile liliwekwa kutulinda na walowezi, halikuwekwa dhidi ya watoto wetu. Mwaka 2024 ulipelekwa Bungeni muswada wa kubadili sheria za uhamiaji na za ardhi, ili wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalumu. Hayo ndiyo mahali pake, Bungeni, mchana kweupe. Lakini muswada ni kitu kimoja, sheria ni kingine, na kanuni za kuitekeleza ni cha tatu. Asiye raia, kabla hajatuma fedha, na aulize ofisi ya ardhi sheria inayotumika siku ile, aonyeshwe maandishi, asinunue kwa kichwa cha habari cha gazeti, hata kama ni gazeti letu.

Lisilofaa ni kujificha. Mtu amekwisha acha uraia, anajua, bado ananunua kwa jina la dada yake na kumwambia anyamaze. Siku dada atakapogeuka, au mume wa dada atakapodai, huyo atakwenda mahakamani kusema nini? Atasema: nilikuwa nakwepa sheria, nisaidieni? Na dada naye tumemweka mahali pabaya, awe mwenye mali mbele ya Serikali na mtunza siri mbele ya ukoo. Nimeona wazee wakiitwa kusuluhisha mambo ya namna hii, na hawana la kukamata, maana kila upande unasema kweli.

Nawaomba basi, jioni hii mkifika nyumbani, kila aliyeshika hati ya ndugu aliye ng'ambo aitoe aisome. Aangalie jina, namba ya kiwanja, muda, na risiti ya mwisho ya pango ni ya mwaka gani. Kisha ampigie ndugu yake simu amsomee yote, mke wake akiwa anasikia. Wale wenye hati zilizo kwa jina lao na fedha zilikuwa za mtu mwingine, wasiogope. Uhamisho unafanyika kwa hiari wote wakiwa hai, kwa fomu za ofisi ya ardhi na kodi zinazohusika, na wengi wameufanya.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nimeambiwa karani wa ofisi ya ardhi yuko pamoja nasi leo na amekubali kukaa nusu saa zaidi. Wenye maswali ya namba za viwanja vyao na wamwone yeye. Wenye maswali ya kugombana na mimi, niko hapa.